"Usikate simu, mama": dhana potofu kuhusu hisia, ushawishi na uhuru wa kuchagua

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Morogoro. Jumatatu moja saa nne asubuhi alipigiwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa zamu shuleni kwa mjukuu wake. Mtoto ameanguka, anavuja damu puani, wako njiani kwenda hospitali, na inatakiwa laki moja na themanini ya kipimo. "Usikate simu, mama, daktari yuko hapa pembeni yangu." Shangazi akatoka mbio, mguu mmoja kandambili yake, mwingine ya mumewe, simu sikioni mpaka kwa wakala. Akatuma. Muda huo mjukuu alikuwa darasani anafanya hesabu.

Hela ile hakuililia sana. Kilichomuumiza ni jirani aliyemwambia, "Na usomi wako wote ule?" Ilimchukua miezi kutusimulia sisi ndugu zake. Naandika kwa sababu ya swali hilo, maana ndani yake mmejificha mambo mengi tunayoyaamini kimakosa kuhusu namna watu wanavyoshawishika.

Dhana: Anayepigwa, yaani anayetapeliwa, ni mjinga, au ana tamaa

Tamaa ipi kwa bibi anayetaka kumwokoa mjukuu? Tapeli hana haja ya kutafuta mjinga. Anatafuta unachokijali. Mwenye mtoto anatishiwa mtoto, mwenye imani anaendewa kwa lugha ya imani, anayehangaika na kazi anaitwa kwenye usaili na kuombwa kwanza hela ya fomu.

Wanaokumbuka DECI, mchezo wa upatu wa hapa Tanzania, wanalijua hili. Mchezo ule uliongozwa na wachungaji, na hela ya mwanachama iliitwa mbegu: unapanda, unasubiri, unavuna. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia viongozi wake hatiani. Kenya nako, kikosi kazi kilichochunguza michezo ya aina hiyo kilikuta zaidi ya watu 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Huwezi kupata wajinga wengi kiasi hicho.

Upatu wa namna hii huwalipa kweli wale wa mwanzo, kwa hela za wanaokuja nyuma yao. Kwa hiyo unapomwona mtu unayesali naye ameezeka nyumba kwa mavuno yake, macho yako hayajakudanganya. Bati ni la kweli. Kilichofichwa ni zilikotoka hela za kulinunulia. Na wewe umefanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya, yaani kumtazama anayemwamini.

Elimu haitoshi kuwa kinga. Isaac Newton, ambaye hesabu zake bado tunazifundisha, alikuwa Mkuu wa kiwanda cha kufua sarafu za serikali ya Uingereza mwaka 1720 hisa za kampuni ya South Sea zilipopanda kama moto wa nyikani. Aliwahi kuuza zake akapata faida nzuri. Kisha akawaona wengine wanaendelea kutajirika, akarudi kununua bei ikiwa juu, na zilipoanguka akapoteza mali nyingi.

Dhana: Ukiweka hisia pembeni utaamua vizuri zaidi

Tunaambiwa hivi tangu utotoni: tumia akili, acha moyo. Daktari wa ubongo António Damásio alikutana na watu ambao hisia zao ziliwekwa pembeni kweli, kwa kuumia sehemu ya mbele ya ubongo. Mmoja wao aliulizwa arudi siku ipi kati ya mbili. Akafungua shajara yake na kwa karibu nusu saa akachambua: miadi mingine aliyonayo, hali ya hewa, hiki na kile. Kila hoja ilikuwa na maana. Alichoshindwa ni kuchagua. Mwishowe Damásio mwenyewe akamtajia siku, naye akajibu tu kwamba ni sawa, akaondoka.

Hisia ndizo zinazotuambia kipi kina uzito. Laiti mjukuu angekuwa ameumia kweli, hofu ile ile ndiyo ingemfikisha shangazi hospitalini kabla ya mtu mwingine yeyote, na tungemsifu kwa kandambili zake mbili. Mimi hofu yake siilaumu hata kidogo. Alilishwa uongo, na akazuiwa kuuhakiki.

Dhana: Hakuna aliyemshikia panga, kwa hiyo alichagua mwenyewe

Hapa ndipo napogombana na watu wengi, tena watu wema.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haimalizi mambo kwenye neno "ndiyo". Kifungu cha 14 kinaeleza kwamba ridhaa si huru ikiwa imepatikana kwa shuruti, kwa ushawishi usio halali, kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo. Shuruti ni moja tu kati ya njia hizo. Mtu anaweza kutembea kwa miguu yake hadi kwa wakala, akabonyeza namba ya siri kwa kidole chake, na bado uhuru wake ukawa umeibwa kabla hajafika.

Umeibwa wapi? Rudi kwenye maneno mawili ya yule mwanamume: "Usikate simu." Simu ikikatwa, shangazi atampigia mama wa mtoto, au atajifuta jasho, au wakala atapata nafasi ya kumuuliza, "Mama, unamtumia nani?" Yule mtu alikuwa na kazi moja, kumnyima muda na kumtenga na watu. Hofu ilikuwa chombo tu cha kufanyia kazi hiyo. Sikiliza matapeli wengine uone kama hawarudii wimbo huo: ofa inaisha leo, nafasi zimebaki mbili, usimwambie mtu baraka itapotea.

Wapo pia wanaojua kukukabidhi uhuru kwa mdomo. Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walijaribu jambo hili Ufaransa, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Watu waliombwa na mtu wasiyemjua hela kidogo ya nauli ya basi. Walioombwa tu, asilimia 10 walitoa. Walioongezewa maneno "lakini uko huru kukubali au kukataa" walitoa kwa asilimia 47.5. Kwa hiyo ukisikia "uamuzi ni wako, sikulazimishi", usichukulie maneno hayo kuwa ushahidi. Jaribu kusema "nitakujibu keshokutwa, ngoja nimuulize kaka" halafu umtazame usoni.

Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo naye anashawishi, tena kwa hisia: anamtaja mtoto aliyepoozwa na polio, anagusa uchungu wa mama. Kuna wanaodhani ushawishi wowote ni udanganyifu, na mimi sikubaliani nao. Mhudumu yule ukimwambia unataka kwenda kuuliza zahanati, atakuelekeza njia.

"Mimi hawaniwezi"

Mwaka 1983 W. Phillips Davison, mwanazuoni wa Marekani, aliandika kuhusu tabia yetu ya kudhani kwamba matangazo na propaganda huwapata wengine, si sisi. Jirani wa shangazi ni mfano hai. Anayejiona hawezi kupigwa huwa hapangi na mtu yeyote nini kifanyike simu kama ile ikiingia, na akipigwa hasemi.

"Ukishazijua mbinu zao, umepona"

Shangazi alizijua. Alishapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara nyingi mno na kuufuta. Aliyoyajua akiwa ametulia, akipepeta mchele uani, hayakumfikia alipotajiwa damu. Ndiyo maana sasa nyumbani tumekubaliana mapema: simu yoyote ya dharura inakatwa kwanza, anapigiwa mzazi wa mtoto, na namba ya mpigaji inaripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Na hakuna kumcheka aliyetuma. Hili la mwisho tulilibishania, nikashikilia, kwa sababu aliyechekwa mara ya kwanza hatapiga simu kuomba ushauri mara ya pili.

Mwezi uliopita walimpigia tena. Safari hii mtoto alikuwa amegongwa na bodaboda. "Usikate simu, mama." Akakata. Ananiambia mikono ilimtetemeka vilevile kama siku ile, akakosea kubonyeza namba mara mbili, ya tatu ndipo mama wa mtoto akapokea.