Hadubini: kukuza ni kimoja, kupambanua ni kingine

Kila tangazo la hadubini siku hizi linaanza na sifa hiyo hiyo: "inakuza mara 2000!" Wapo hata wanaowaambia wanafunzi kwamba hadubini ya mwanga ikikuza vya kutosha, itaonyesha virusi vya UKIMWI. Haitaonyesha.

Kukuza ni kuifanya taswira iwe kubwa kuliko kitu chenyewe. Kupambanua ni kuvionyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili, si doa moja. Kinachoniudhi ni dhana kwamba cha kwanza kikizidi, cha pili nacho kinazidi.

Mwanga ni mawimbi. Mwanga wa nukta moja ya kitu unachokitazama ukipita kwenye lenzi hutokea upande wa pili ikiwa kiduara chenye ukungu, na nukta mbili zikikaribiana mno, viduara vyao hupandana. Mwaka 1873, mwanafizikia Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alionyesha kikomo cha kupambanua kiko wapi. Tazama ubavuni mwa lenzi anayoitumia mpimaji wa malaria: 100/1.25. Ile 100 ni ukuzaji. Ile 1.25, ambayo hakuna anayeitangaza, hupima upana wa miali ambayo lenzi inaweza kuikusanya. Chukua urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, nanomita 550 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), gawanya kwa mara mbili ya 1.25, unapata nanomita 220: vitu vilivyokaribiana kuliko hapo huonekana doa moja. Kirusi cha UKIMWI kina kipenyo cha nanomita 120 hivi.

Lile tone la mafuta juu ya slaidi nalo halikuzi chochote. Bila mafuta, miali ya pembeni ikitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na kuikosa lenzi. Mafuta hupitisha mwanga karibu sawa na kioo, basi miali inafika. Hapo ndipo pete changa ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, yenye nukta mbili za kromatini (mada ya kiini chake), inapoonekana na nukta zake mbili.

Ukifunga lenzi ya jicho ya 20 juu ya ile ya 100, 2000 utaipata kweli, ila ni ukungu ule ule uliotanuliwa, kama kuvuta picha ya simu hadi vitoke vimraba.

Hata hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, waliyoiunda Wajerumani Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931, ilianza kwa kukuza chini ya mara 20. Kilichoifanya ije kuupita mwanga katika kupambanua ni ufupi wa wimbi la elektroni.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia 2000, muulize kwa upole: na ile namba ya pili kwenye lenzi ni ngapi?