Ile Nafasi ya Mlangoni Niliiacha kwa Makusudi

Mvua ya Septemba ikishashika Goma, simu zinaanza, na sentensi ni ileile: "Fundi, ulituwekea mbao mubichi, mulango haifunge." Wiki hii imetoka mtaa wa Himbi. Mama mwenye nyumba hakutaka maelezo yoyote. Kijana mwenye randa alikuwa tayari amesimama uani, akingoja aambiwe akate wapi. Nilimwomba mama asubiri hadi Julai. Alinijibu kwamba fundi anayejua kazi hasemi "subiri".

Basi nayaandika yote hapa, na atakayenipigia simu nitamtumia ukurasa huu.

Watu wa mji huu wanaamini kwamba mbao ikishakauka haiongezeki wala haipungui tena. Kutoka hapo wanafikia hitimisho: mlango ukikwama, mbao ilikuwa mbichi, na mlango ukiwa na nafasi pembeni, fundi hakujua kupima. Nimeshaambiwa na watu wazima, wenye heshima zao, kwamba ile nafasi "panya atapita". Niliiacha kwa makusudi, na ndiyo sehemu ya mlango iliyonigharimu fikra nyingi kuliko zote.

Mbao haimalizi kukauka. Inakunywa na kutoa maji maisha yake yote, kufuatana na hewa iliyo nayo. Hewa ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 65, mbao inatulia ikiwa na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikipanda hadi asilimia 80, mbao nayo inapanda hadi karibu 16. Haijalishi ilikaa mwaka mmoja au kumi juu ya dari ya babu. Goma tuna miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo vumbi la mawe meusi linaingia hadi kwenye sahani, halafu tuna miezi mirefu ambapo nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili. Mbao inaishi yote hayo pamoja nanyi.

Sasa hesabu. Mkaratusi uliopasuliwa bapa, kwa kila asilimia moja ya maji inayoingia, unapanuka karibu asilimia 0.3 ya upana wake. Kutoka 12 hadi 16 ni hatua nne, yaani asilimia 1.2. Mlango wa sentimita 80 uliotengenezwa kwa mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu na kugandishwa kwa gundi utapanuka karibu sentimita moja nzima. Hakuna bawaba wala kitasa kitakachovumilia sentimita moja. Utakwama, na mkiulazimisha utang'oa fremu ukutani.

Hapo ndipo kazi yangu inaanza, na hapo ndipo wateja wanapokosa subira.

Mbao inapanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Angalieni chukudu, zile za mbao zenye magurudumu mawili, zinazoshuka kutoka Kibumba na mizigo ya viazi: miti yake inanyeshewa na kukaushwa na jua kila siku, inapasuka kwa urefu, inafunguka mistari, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuwa fupi. Mafundi wa zamani waliliona hilo na wakatengeneza mlango kwa kulifuata. Mbao mbili za kusimama pembeni, tuseme za sentimita 11 kila moja. Kati yake mbao za kulala, zenye ndimi zinazoingia katika matundu ya zile za kusimama. Zile za kulala zimelala upande wa urefu wao, kwa hiyo hazipanuki kuelekea kitasa. Kinachopanuka ni zile mbili za kusimama tu, jumla sentimita 22. Asilimia 1.2 ya 22 ni milimita mbili na nusu hivi. Mlango uleule, mkaratusi uleule, mvua ileile. Badala ya sentimita moja mmebaki na milimita mbili na nusu. Mlango wa fremu una maana hiyo. Watu wanadhani ile michoro ya mapano ni urembo.

Na pano je? Pano ni ubao mpana unaojaza katikati ya mbao za kusimama na za kulala, nao unapanuka. Lenye upana wa sentimita 26 litacheza kama milimita tatu. Kwa hiyo halipigwi gundi. Linakaa ndani ya mfereji wenye kina cha milimita 12, limeingia tisa hivi, na limeachiwa milimita tatu kila upande za kuhemea. Likipachikwa wakati wa jua naliachia zaidi kidogo. Wakati wa mvua nalibana zaidi.

Ukilitikisa pano langu kwa kidole, litacheza kidogo. Litacheza kwa sababu nimetaka licheze! Nimepeleka mlango Katindo, mteja akagonga pano kwa kiganja, akasikia linalia, akaniambia nimesahau kole, yaani gundi. Nilipoondoka akaita mtu akamimina gundi pande zote nne na kujaza mastiki. Julai pano likajivuta ndani, halikuwa na pa kwenda kwa sababu limeshikwa kila upande, likapasuka katikati kutoka juu hadi chini. Ufa ule ulitangazwa mtaani kama kazi yangu. Nawaomba sana: mlango wa mapano ukifika kwenu, msiongeze gundi. Ikiwa sauti inawasumbua, niambieni niweke vipande viwili vidogo vya mpira ndani ya mfereji.

Meza ni jambo lilelile, sitakaa sana hapo. Meza ya sentimita 90 ya mkaratusi inacheza karibu sentimita moja, kwa hiyo uso wake unashikwa na vibao vidogo vinavyoteleza kwenye mfereji. Misumari iliyopigwa kutoka juu itaipasua. Wenye kutaka uso usiocheza wachukue tripleksi (plaiwudi): tabaka zake zimepishana, kila moja inamzuia mwenzake.

Kuna imani nyingine inayotembea na hii: kwamba mbao ngumu haichezi. Mtu analipa dola za muvula (mvule), tena bei inayopanda kila barabara ya Walikale inapofungwa, kisha anadai mlango usio na nafasi kwa sababu "hii si karitusi". Muvula inacheza kidogo kuliko mkaratusi, karibu asilimia 0.2 kwa kila hatua badala ya 0.3, na kwa hilo inastahili bei yake. Lakini inacheza. Ugumu ni jambo moja na utulivu ni jambo jingine. Mkaratusi wenyewe ni mgumu na mzito, unakunja misumari, lakini hakuna mbao inayonisumbua kama huo: unajipinda, nyuzi zake zinazunguka, vichwa vinafunguka siku ileile mti unapopasuliwa.

Si kila kazi inahitaji haya yote. Fundi asiye na bosi anafanya kila kinacholetwa: leo kitanda, kesho madawati ya shule, keshokutwa jeneza ambalo linatakiwa kabla ya jua kuzama. Jeneza halingoji majira, linaenda ardhini. Paa nalipiga kwa mkaratusi ulio mbichi bado, na ni sawa, kwa sababu ukikauka hauingii msumari. Cha kuzingatia ni kwamba viungo vitalegea, na baada ya msimu mmoja wa jua mtu apande kuvikaza.

Nyumba za mbao zinaniuma zaidi, kwa sababu Goma ni mji wa nyumba za mbao. Baada ya lava ya Januari 2002 kufunika sehemu ya mji, watu wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mawe yaleyale. Hadi leo, ukipita Majengo au Ndosho, kuta za mbao ni nyingi kuliko za matofali, na karibu kila ukuta una mbao zilizopasuka kwenye msumari. Wanasema mbao za siku hizi ni mbaya. Tatizo ni mahali msumari ulipopita. Mbao zinapandana, ya juu inafunika ubavu wa ile ya chini. Fundi mwenye haraka anapiga msumari mmoja unaopita zote mbili, kwa hiyo kila ubao unashikwa juu na chini. Ubao mbichi wa sentimita 20, ukikauka kutoka maji asilimia 30 hadi 14, unapungua karibu sentimita moja. Umeshikwa pande zote mbili: utapasuka, hauna njia nyingine. Pigeni msumari juu kidogo ya ukingo wa ubao wa chini, usiuguse. Ubao wa chini ubaki umebanwa tu na mwenzake, uweze kuteleza. Na upandano uwe wa sentimita tatu angalau, kwa sababu moja kati ya hizo itakwenda na jua. Haigharimu hata msumari mmoja wa ziada.

Rangi inasaidia, lakini inachelewesha tu maji, haiyazuii. Ikipakwa upande mmoja, ubao unajikunja kwa sababu upande mwingine unakunywa peke yake. Na maji yanaingia kwenye vichwa vya mbao haraka mara nyingi zaidi kuliko usoni, lakini wapakaji wetu wanapaka uso unaoonekana na kuacha chini ya mlango pakavu. Mimi napaka chini na juu kabla ya kupachika, hapohapo atelie, kwenye karakana yangu.

Sasa yale ambayo vitabu vinayasema kwa uhakika kuliko ninavyoweza mimi. Kuna kanuni ya kukausha mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Imetoka katika nchi za baridi, na sijashawishika kwamba inatuhusu. Mbao zangu nyembamba za msipresi zinatulia mapema zaidi, na baadhi ya mikaratusi haitulii hata baada ya muda huo. Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili nakitumia, lakini majedwali yake yametengenezwa kwa miti ya Ulaya, kwa hiyo nakiamini kinapolinganisha ubao na ubao, siyo kinaponipa namba. Nikitaka namba nakata kipande, nakipima uzito, nakikausha ndani ya oveni kidogo zaidi ya nyuzi 100 hadi kisipungue tena, napima upya. Na nafasi yenyewe ya mlango, nikipachika Julai naacha milimita tano upande wa kitasa, nikipachika Novemba naacha mbili. Hizo tano bado najadiliana nazo. Kwa nyumba iliyo karibu na ziwa nadhani ni chache. Kwa nyumba yenye moto wa makaa ndani kila siku nadhani ni nyingi.

Linalobaki ni fedha. Fundi wa peke yake hana mtaji wa kulaza mbao miezi mingi, na mteja analeta nusu ya malipo mwezi wa kumi akitaka mlango kabla ya Noeli. Kwa hiyo napendekeza hivi: anayetaka milango ya mwisho wa mwaka anunue mbao mwezi wa sita na kuzilaza kwangu. Nazipanga juu ya vijiti, kila sentimita 50, kivulini, mbali na ardhi, na mawe mazito juu ili zisijikunje, vichwa vimepakwa rangi. Kwa mahali pa kuzilaza sitozi kitu. Na yule aliye na mlango unaokwama leo, apige alama ya penseli pale unapogusa, aweke randa chini, na tuitazame alama hiyo pamoja mwezi wa saba. Ikiwa bado unagusa, nitakuja kukata mwenyewe, bila malipo.