Kifaa cha Kurekodi Moyo Si Hukumu ya Ugonjwa

Wengi wetu hapa Mwanza huamini kwamba mtu akishavalishwa kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, basi daktari ameshaona ugonjwa mbaya, na mgonjwa alale tu hadi kivuliwe. Sivyo. Kifaa hicho, ambacho mara nyingi huvaliwa kwa saa 24 hadi 48, hakitibu wala hakipeleki umeme mwilini. Hunasa tu umeme unaozalishwa na moyo wenyewe, kupitia vibandiko vya kifuani. Ndiyo maana muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, huhimizwa aendelee na shughuli zake za kawaida, mradi asikiloweshe, kwa kuwa moyo uliopumzishwa kutwa huweza kuficha kile kinachotafutwa.

Kusubiri majibu ni kugumu kweli, na hofu yenyewe huamsha adrenalini inayouharakisha moyo. Ukishtuka usiku, kaa kitako, toa pumzi polepole, kisha andika daftarini: “Saa 8:10 usiku, moyo umeruka.” Mstari huo humsaidia daktari kuliko kujipima mshipa kila dakika. Mapigo ya ziada huonekana hata kwa wenye afya njema. Lakini ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usisubiri majibu, wahi hospitali.