MVP wa besiboli: thamani ya mchezaji si msimamo wa timu

MVP wa besiboli (Most Valuable Player, mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi) ni mchezaji ambaye waandishi wa habari wamemwona kuwa na thamani kubwa kuliko wote kwa timu yake katika msimu wa kawaida. Ligi kuu mbili za Marekani, American League na National League, kila moja ina wake. Kila ligi huwa na wapiga kura 30 kutoka chama cha waandishi wa besiboli, BBWAA, wawili kwa kila timu. Kila mmoja hupanga majina kumi: wa kwanza hupata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, kisha zinapungua mojamoja hadi wa kumi, anayepata 1. Kura hukusanywa kabla ya kuanza mchujo, yaani mechi za kuwania ubingwa baada ya msimu wa kawaida, kwa hiyo yanayotokea humo Oktoba hayahesabiwi.

Maana ndiyo hiyo. Panapoharibika kila mwaka ni kwenye maneno "kwa timu yake". Utasikia watu wakisema: "Timu imeshika mkia, huyo ana thamani gani? Wangeweza kushika mkia hata bila yeye." Hoja hiyo imezoeleka mno hata wengi wanadhani ni kanuni. Si kanuni. Maelezo anayopewa mpiga kura yanasema wazi kwamba MVP si lazima atoke kwenye timu iliyoongoza divisheni (kundi lake ndani ya ligi) au iliyoingia mchujo. Andre Dawson alitwaa tuzo mwaka 1987 Chicago Cubs wakiwa wa mwisho kwenye divisheni yao, na Alex Rodriguez mwaka 2003 Texas Rangers wakiwa vivyo hivyo.

Kanuni zenyewe ni fupi, na hazijabadilika tangu BBWAA ilipoanza kuisimamia tuzo mwaka 1931. Ya kwanza ni thamani halisi ya mchezaji kwa timu yake, yaani nguvu yake katika kushambulia na kulinda. Ya pili ni idadi ya mechi alizocheza. Ya tatu ni tabia, mwenendo, uaminifu na juhudi. Mbili za mwisho zinaruhusu aliyewahi kushinda ashinde tena, na mpiga kura kuchagua zaidi ya mmoja kutoka timu moja.

Hizo mbili za mwisho zinamshangaza anayezisoma leo, kwani nani angekataza hayo? Waliokataza walikuwepo. Mwaka 1910 kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa bingwa wa wastani wa kupiga. Siku ya mwisho ya msimu, mlinzi wa besi ya tatu wa St. Louis Browns aliwekwa nyuma kabisa ili mpinzani wao siku hiyo, Nap Lajoie, agonge mipira mifupi apendavyo na kumpita Ty Cobb, mshindani wake wa gari aliyechukiwa. Fedheha ilikuwa kubwa, kampuni ikawapa magari wote wawili, na kuanzia 1911 ikaachana na takwimu moja ikawaachia waandishi wapige kura. Tuzo hiyo ilikufa baada ya 1914. American League ikaanzisha yake mwaka 1922, na humo mwandishi aliruhusiwa kutaja mchezaji mmoja tu kwa kila timu, na aliyekwisha kushinda hakurudi tena. Babe Ruth alishinda 1923. Alipopiga homurani (mipigo inayovusha mpira nje ya uwanja) 60 mwaka 1927 hakuweza hata kufikiriwa, tuzo ikaenda kwa Lou Gehrig wa timu hiyohiyo. Kanuni za 1931 ni marekebisho ya makosa hayo, na mtiririko wake wote unamwelekea mchezaji mwenyewe. Hakuna palipotajwa msimamo wa ligi.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mchezaji anayeiongezea timu ushindi nane akiwa na wenzake dhaifu ataitoa kwenye ushindi 62 na kuifikisha 70. Mwenye wenzake hodari ataitoa 86 na kuifikisha 94, nao wataingia mchujo. Kazi yake ni ileile. Tofauti ni wenzake na mwajiri aliyewasajili. Tena wanaosema "bila yeye wasingefika" hawaifuati hoja yao hadi mwisho. Timu inayoongoza divisheni kwa mechi 15 ingeshinda hata bila nyota wake. Je, naye hana thamani?

Kosa la upande wa pili ni kuifanya WAR, takwimu moja inayokadiria ushindi ambao mchezaji ameiongezea timu, kuwa ndiyo tuzo. WAR hujumlisha mikimbio (alama za besiboli) mchezaji aliyoleta kwa kupiga, kukimbia besi na kulinda, akilinganishwa na mchezaji wa akiba anayepatikana kwa bei ya chini kabisa, kisha kila mikimbio kumi hivi ikahesabiwa kuwa ushindi mmoja. Ina marekebisho ya nafasi: katika hesabu ya tovuti ya takwimu ya FanGraphs mdakaji huongezewa mikimbio 12.5 kwa msimu mzima, na mpigaji maalumu asiyelinda hukatwa 17.5. Ndiyo maana Shohei Ohtani mwaka 2024, akiwa mpigaji maalumu tu, alihitaji homurani 54 na besi 59 za kuiba ili asiwe na mpinzani. Lakini kwa warushaji, FanGraphs na tovuti nyingine, Baseball-Reference, hutumia njia tofauti, na vipimo vya ulinzi vya msimu mmoja huyumba. Tofauti ya nusu ushindi haiamui kitu. Hapo ndipo mpiga kura anapopaswa kutazama mechi, ugumu wa uwanja na mazingira.

Na azijaze nafasi zote kumi kwa uangalifu. Mwaka 1999 mrushaji Pedro Martinez alipata kura nane za nafasi ya kwanza, Ivan Rodriguez saba, lakini Rodriguez akashinda kwa pointi 252 dhidi ya 239. Wapiga kura wawili hawakumweka Martinez popote, ingawa warushaji wanaruhusiwa kabisa. Nafasi ya nne kwenye kura zote mbili ingempa pointi 14 na tuzo.

Mabishano kuhusu nani alistahili tuzo ya American League mwaka 2012, Miguel Cabrera au Mike Trout, bado yanaendelea, na anayemtetea Cabrera kwa kusema Detroit Tigers waliingia mchujo akumbuke kwamba Los Angeles Angels ya Trout ilishinda mechi 89 na Tigers 88. Tigers walikuwa tu kwenye divisheni nyepesi. Hoja yenye mashiko ipo, na iko kwenye kanuni ya pili: Cabrera alicheza mechi 161, Trout 139, kwa kuwa aliitwa kutoka ligi ndogo mwishoni mwa Aprili. Aanzie hapo.