Kwa nini ukivua raba mguu hubadili namna ya kutua?

Vua raba, kisha kimbia hatua ishirini hivi kwenye sakafu ya saruji. Hatua mbili tatu za mwanzo huenda ukatua kwa kisigino. Baada ya hapo, kwa wengi, mguu wenyewe unahamia mbele, pale nyuma kidogo ya vidole. Hujafundishwa na kocha, umeumia tu.

Kisigino kikitangulia, mguu unafika chini ukiwa umejinyoosha mbele ya mwili, na mshindo unapanda ghafla: mara moja na nusu hadi mara tatu ya uzito wako, ndani ya kufumba na kufumbua. Soli nene huupunguza makali, ndiyo maana ukiwa na raba huusikii. Ukitua kwa mbele, kigimbi na ile kano nene ya nyuma ya kisigino huvutika kama mpira wa manati, zikakishusha kisigino polepole, kisha zikairudisha sehemu ya nguvu hiyo kukusukuma.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walilinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliozoea peku walitua zaidi kwa mbele. Basi watu wakavua viatu kwa pupa! Walichosahau ni kwamba mzigo haupotei, unahama: unalipunguzia goti, unakibebesha kigimbi na kano yake. Kigimbi kisichozoea kitalalamika kesho yake asubuhi, ukishuka ngazi.

Halafu mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, wa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokulia peku. Kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi ndipo baadhi wakahamia mbele. Kwa hiyo kasi nayo ina neno. Mwanariadha wa mita 100 hatui kwa kisigino hata kidogo, maana hana muda huo.

Mimi ningeanza na urefu wa hatua kabla ya kuhangaika na kisigino. Fupisha kidogo, mguu utue karibu na chini ya kiuno, na goti litapata nafuu hata ukiwa na raba.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa muda uliopungua kwa dakika tatu hivi kuliko ule wa Roma.