Umekopesha, Hujanunua Nyumba

Mwalimu mmoja mstaafu alinisubiri nje ya ukumbi pale Mafinga, tulipomaliza mafunzo ya wanachama wa SACCOS. Nilipomwamkia alinivuta pembeni, akafungua simu yake. "Mwanangu, hebu niangalizie hapa. Nimenunua sehemu ya hosteli Mbeya." Kwenye kioo palikuwa na picha ya jengo la ghorofa mbili lenye bustani mbele, na maandishi makubwa: riba asilimia 2 kila mwezi, uwekezaji wenye dhamana ya ardhi.

Nilimwomba mkataba. Tuliusoma wote wawili, kurasa nne, taratibu. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema amenunua kitu. Alikuwa amemkopesha mtu asiyemjua shilingi milioni 3 kutoka kwenye mafao yake, na hosteli yenyewe ilikuwa bado mchoro.

Mialiko ya namna hii naiona sana siku hizi, hasa tangu ujenzi wa barabara ya njia nne uanze kupandisha bei za viwanja kuanzia Uyole hadi Songwe. Wengi wanaoipokea ni watu makini: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa Mwanjelwa, wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe waliouza vizuri. Wanachodanganywa nacho ni neno "nyumba". Mtu akisikia nyumba, moyo unatulia.

Utaratibu wenyewe si utapeli kwa asili yake. Kampuni ya Zopa iliuanzisha Uingereza mwaka 2005: watu wengi wanachanga fedha kupitia jukwaa la mtandaoni, anakopeshwa mtu mwingine, na jukwaa hilo linachukua ada kwa kuwakutanisha. Ukiweka fedha benki, mkopaji wa benki akishindwa kulipa, hasara inaanza kuila benki yenyewe, na hata benki ikifilisika ipo Bodi ya Bima ya Amana inayokulipa hadi kiwango kilichowekwa kisheria. Kwenye jukwaa, mkopaji akishindwa, hasara ni yako siku hiyo hiyo. Bima ya amana haihusiki, kwa sababu hukuweka amana. Ulikopesha.

Tuangalie hiyo asilimia 2 kwa mwezi, maana ndiyo chambo. Kwa mwaka ni asilimia 24. Benki zetu hukopesha kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Kwa nini mjenzi mwenye kiwanja safi na hesabu nzuri akubali kulipa 24? Mara nyingi ni kwa sababu benki ilimkatalia, au hati haijakamilika, au tayari ana deni lingine juu ya kiwanja hicho hicho. Riba kubwa inakueleza jinsi wengine walivyomwogopa mkopaji huyo kabla hajafika kwako.

"Lakini kuna dhamana," mwalimu aliniambia. Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame nami kidogo. Tuseme watu 100 wametoa milioni moja moja, jumla milioni 100. Jukwaa linasema thamani ya hosteli ni milioni 180, kwa hiyo mmelindwa. Hiyo milioni 180 ni thamani ya hosteli ikiisha. Leo kuna kiwanja Isyesye na boma lililofika kwenye lenta. Mvua zikaanza Novemba, malori ya mchanga yakakwama, fundi akahamia kazi nyingine. Chuo kimefunguliwa, wanafunzi wameshapanga kwingine, na mapato ya mwaka mzima yameponyoka. Marejesho yanasimama. Boma linapelekwa mnadani na kupata milioni 45, kwa sababu wenye fedha taslimu za kununua boma la mtu mwingine ni wachache, na wanajua mna haraka. Toeni milioni 5 za dalali, wakili na jukwaa. Kila mmoja anarudi na laki 4. Ikiwa kuna mkopeshaji aliyesajili rehani kabla yenu na anadai milioni 30, yeye analipwa kwanza, na ninyi kila mmoja anabaki na laki moja.

Na hapo nimechukulia kwamba rehani yenu ni halali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, rehani ya nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi. Mke akisema hakuridhia, mnahamia mahakamani. Ardhi yenye hati ya kimila, kama ilivyo kwa mashamba mengi ya Mufindi na Rungwe, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na kumuuzia mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo watu wengi huiita hati, si hati miliki.

Wapo watakaosema jukwaa lenye leseni halina shida. Leseni ni lazima, na hapa kwetu kazi ya kukopesha inaangaliwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kidijitali bila kibali, kwa hiyo kuhakiki jina la kampuni ni hatua ya kwanza kabisa. Lakini leseni haimfanyi mkopaji alipe. Jukwaa la Lendy la Uingereza lilikopesha waendelezaji wa majengo kwa riba ya hadi asilimia 12 kwa mwaka, likapata idhini kamili ya FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia majukwaa hayo, Julai 2018. Mei 2019 lilianguka. Mikopo ya zaidi ya pauni milioni 160 ilikuwa bado inadaiwa, na zaidi ya nusu yake wakopaji walikuwa wameshashindwa kulipa. Desemba mwaka huo huo ikaanza kutumika sheria ya FCA kwamba mwekezaji mpya wa kawaida asiingize zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake za uwekezaji kwenye majukwaa haya. Kipimo hicho nakipenda, na ninakipendekeza hata kwa mtu wa Kihesa au Kyela. Ada ya mtoto ya Januari na fedha za mbolea zisiende huko kabisa, kwa sababu huwezi kuzitoa unapozihitaji. Wenye majukwaa huwa wanasema unaweza kumuuzia mwenzako sehemu yako. Siku ya wasiwasi kila mtu ni muuzaji.

Kabla ya kutuma chochote, omba namba ya hati na ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Uone jina la mmiliki, uone kama kuna rehani, na kama ipo, imesajiliwa kwa jina la nani. Uliza nani atasimamia madai yenu jukwaa lenyewe likifungwa. Ukiambiwa utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, acha hapo hapo.

Mwalimu aliomba namba ya hati jioni ile ile. Siku tatu baadaye walimtumia picha ya karatasi ya mauziano, yenye jina ambalo halimo kwenye mkataba wake. Alikuwa amepanga kuongeza milioni 7 mwisho wa mwezi; akaziacha benki. Tumemsaidia kuandika barua ya madai. Milioni 3 zake bado hazijarudi.