Siyo kila mguu mnene ni matende

Mtaani mwanamke mwenye mguu wa bia husifiwa. Anayeubeba ndiye anayejua kwamba jioni unamuuma kiasi cha kumshusha mtoto aliyempakata. Wengi wanaofika kliniki kwangu wamekwishahangaika: huyu ameambiwa apunguze kula, yule amepewa vidonge vya kukojoza maji. "Dokta, wali nimeuacha mwaka mzima. Kiuno kimeisha, miguu iko palepale." Nikisikia hivyo, kitu cha kwanza namwomba avue viatu.

Ninachokitafuta ni lipedema, yaani mafuta yanayojikusanya chini ya ngozi isivyo kawaida, toka nyonga hadi kifundo, miguu yote miwili sawia. Wengine hupata na mikononi. Kwenye kifundo mafuta yanakoma ghafla, utadhani mtu kavaa kikuku ndani ya ngozi, na chini yake wayo ni mwembamba kama kawaida. Hapo ndipo inapoachana na matende, jina la kwanza kutajwa pwani mguu ukinenepa. Matende huletwa na minyoo waenezwao na mbu, wakaharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu. Mara nyingi mguu mmoja huuzidi mwenzake, na wayo nao huvimba. Mimi huifinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu. Ikigoma kunyanyuka, nashuku limfu. Ikinyanyuka ni dalili njema, ingawa haimalizi ubishi, maana tatizo la limfu likiwa changa ngozi bado hufinyika.

Kisha nauliza. Ilianza lini? Majibu hurudi palepale: alipovunja ungo, alipobeba mimba, au hedhi ilipokoma. Ndiyo maana tunashuku homoni, na ndiyo maana wanaume wenye tatizo hili ni nadra mno. Je, damu inavilia ngozini hata hukumbuki ulipojigonga? Mama au shangazi ana miguu kama yako? Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha lipedema. Ni macho, mikono na maswali. Madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, waliieleza tangu 1940, lakini daktari anayeijua bado ni wa kutafuta.

Dawa ya kuiponya haipo. Vidonge vya kukojoza havisaidii, kwa sababu kilichojaa mle ni mafuta, siyo maji. Kudhibiti uzito kuna faida kwa magoti na kwa limfu, ila nisikudanganye kwamba miguu itapungua kama kiuno. Ninachokipenda zaidi ni kutembea ndani ya maji ya kifuani: maji yenyewe huibana miguu, tena chini zaidi kuliko juu, na bahari haina kiingilio.

Upasuaji wa kunyonya mafuta hupunguza maumivu kwa wengi, na siyo urembo. Ujerumani bima ya umma ilianza kuulipia 2020, wakati huo kwa waliofika hatua ya tatu, iliyo kali. Kwetu gharama ni kikwazo, na ukifanywa na asiyejua kulinda mishipa ya limfu, unaweza kuondoka na tatizo jipya.

Zinabaki soksi za kubana. Kwa joto la Dar es Salaam najua ninachokuomba. Zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, na vipimo vyake vichukuliwe asubuhi vilevile. Ukipimwa jioni mguu umeshajaa, utanunua zinazopwaya.